Hodi za usiku wa Halloween, bila kutoka mtaani

Bakuli la pipi mezani na katuni kwenye televisheni havitoshi kuwa mbadala wa Halloween, usiku ambao watoto huvaa mavazi ya ajabu na kupita mlango kwa mlango wakiomba pipi. Wazazi wengi huanza hivyo, na ndani ya dakika ishirini mtoto yuko dirishani anawatazama wenzake waliovaa mabawa na kofia za ajabu wakipita barabarani. Pipi anazo mkononi, lakini uso umemshuka.

Sababu za kutotoka usiku wa Oktoba 31 kila nyumba ina zake. Kuna wasioruhusiwa na dini. Kuna wanaokaa kando ya barabara isiyo na njia ya miguu. Wengine wana mtoto mwenye mzio wa karanga, au wa miaka miwili atakayetaka kubebwa kabla ya nyumba ya tatu. Sababu yoyote ni halali. Shida huanza pale mzazi anapodhani kwamba kilichokosekana ni pipi. Mtoto anayepita mlango kwa mlango anafurahia mambo manne: vazi, giza, mlango unaofunguka, na mfuko unaozidi kuwa mzito. Ukibakiza matatu kati ya hayo, hata sebuleni, usiku wake umetimia. Ukibakiza mfuko peke yake, umemnunulia pipi tu, jambo ambalo unaweza kulifanya Jumanne yoyote.

Kabla ya yote, jambo dogo ambalo wageni wa Marekani na Kanada mara nyingi hawaambiwi: taa ya kibarazani ndiyo lugha ya usiku huo. Ikiwaka, maana yake "bisheni, pipi zipo". Ikizimwa, watoto wengi watapita bila kugonga. Kwa hiyo kama nyumba yako haishiriki, izime kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka kama saa tatu usiku, na ushushe pazia la dirisha la mbele. Taa ya kujiwasha yenyewe mtu anapokaribia nayo ikatwe, maana itawaka kila kundi likipita na watakudhania unawaita.

Kuhusu hofu, ni vizuri kuogopa kinachostahili kuogopwa. Habari za wembe na sindano ndani ya pipi husambaa kila mwaka, lakini Joel Best, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Delaware, amezifuatilia kwa miongo kadhaa bila kupata kisa kilichothibitika cha mtoto kuuawa au kujeruhiwa vibaya kwa pipi zilizotiwa kitu na mtu asiyemjua. Gari ni habari nyingine. Utafiti uliotoka katika jarida la JAMA Pediatrics ulipitia ajali za Marekani za miaka 42, kuanzia 1975 hadi 2016, ukakuta kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kuuawa na gari jioni ya Halloween ni kubwa kwa asilimia 43 kuliko jioni ya wiki moja kabla au wiki moja baadaye. Mbadala unaowaweka watoto mbali na barabara una faida ya kweli, hata kwa familia isiyo na neno na sikukuu yenyewe.

Milango ya ndani

Kati ya mbinu zote, hii ndiyo yenye gharama ndogo na inayobakiza mambo yote manne. Nyumba yako inageuka mtaa, na kila mlango unakuwa nyumba ya mtu.

Usiseme huna milango ya kutosha. Hata nyumba ya vyumba viwili kwenye jengo la kupanga ina minane au zaidi: chumba cha wazazi, chumba cha watoto, bafu, kabati la nguo, kabati la jikoni, friji, mashine ya kufulia, mlango wa roshani. Kabati la chini ya sinki utalitumia tu baada ya kuondoa sabuni na dawa zote za kusafishia. Mashine ya kufulia iache nje ya mchezo kama mtoto wako ni wa kupenda kujificha, asije akajifunza kwamba humo ndani kunaingilika.

Watu wazima wawili wanatosha. Mmoja anatembea na watoto, mwingine anajificha nyuma ya milango miwili au mitatu mikubwa, akihama wakati watoto wako kwenye milango midogo. Ile isiyo na mtu inakaliwa na mwanasesere, sufuria iliyovishwa miwani, au tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu, pamoja na kikaratasi chenye swali. Panga njia mapema na uiandike. Ukipanga kichwani, utajikuta umejifungia bafuni huku watoto wamesimama mbele ya kabati wakisubiri, na wakisubiri dakika mbili gizani mdogo ataanza kulia.

Zima taa zote. Acha chanzo kimoja cha mwanga kwa kila mlango, na panga vijiti vya kung'aa sakafuni, kimoja kila hatua mbili, viwe njia. Nyaya, viatu na pembe za meza ya kioo ziondoke njiani kwanza, kwani mtoto aliyevaa joho refu haoni miguu yake.

Sasa mlangoni. Mtoto haanzi na ile sentensi ya Kiingereza, "Trick or treat!" Anabisha na kusema "Hodi!" Aliye ndani anajibu "Karibu! Kitendawili!" Mtoto: "Tega!" Akitegua, anapata pipi. Akishindwa, anaombwa mji kama ilivyo desturi: "Nipe mji." Akitaja Tabora, mwenye mlango anasema, "Nilikwenda Tabora, nikakaribishwa ugali na maziwa, wakanipa na jibu," kisha anataja jibu na mtoto anapata pipi hata hivyo. Bandika ramani ya Afrika Mashariki ukutani ili asikwame kwenye kutaja mji, na sharti liwe kwamba mji uliokwisha kutajwa hautajwi tena. Kufikia mlango wa nane watakuwa wanatafuta Kigoma, Lamu na Bukavu kwa kidole.

Vya usiku huo vipo tele. Huku ng'o na huko ng'o (giza). Kila niendapo ananifuata (kivuli). Blanketi la babu lina chawa (mbingu na nyota). Popo mbili zavuka mto (macho), na hapa mtoto atajibu popo wa mabawa, mwache acheke. Mlango wa friji unastahili yai: nyumba yangu haina mlango. Kwa mtoto ambaye Kiswahili chake ni cha kusikia tu, chagua vitatu, mfundishe wiki moja kabla, na virudie kwenye milango tofauti. Jibu la Kiingereza likubali, kisha litamke kwa Kiswahili. Ukilikataa, mlango wa tatu atasusa.

Wanaodhani huku ni kuigeuza sikukuu ya watu kichwa chini miguu juu wajue kwamba Uskoti watoto kwa desturi huimba, husoma shairi au hufanya mzaha kabla ya kupewa kitu. Na Des Moines, jiji la Iowa ambako wanaishi pia Wakongomani na Warundi wengi, tangu 1938 mtoto hutarajiwa kutoa kichekesho mlangoni ndipo apewe. Kitendawili kinaingia kwenye mstari huohuo bila kusukumwa.

Mzunguko mmoja wa milango minane kwa watoto watatu huchukua kama dakika kumi hadi kumi na tano. Ni mfupi, na wengi huishia hapo wakashangaa kwamba saa moja haijafika na watoto wanauliza "Sasa?" Dawa yake ni mzunguko wa pili wa kubadilishana: watoto wajifiche nyuma ya milango na watu wazima wabishe hodi. Hapo ndipo kelele zinapopanda, basi kama jirani wa chini ana mtoto mchanga, mzunguko wa pili uishe kabla ya saa mbili usiku.

Kinachoingia mfukoni

Pipi moja kwa kila mlango inatosha. Mizunguko miwili ni pipi kumi na sita, na hizo ni nyingi. Changanya na penseli, stika, sarafu za senti 25. Kwa wakubwa wenye zaidi ya miaka saba hivi, ubuyu mwekundu wa Zanzibar kutoka duka la Kiafrika una kazi ya ziada: unapaka ulimi na meno rangi ya damu, na hakuna kipodozi cha dukani kinachoshinda hicho. Wadogo wasipewe kwa sababu ya mbegu.

Chini ya miaka minne, ondoa kabisa pipi ngumu, bisi, njugu nzima, marshmallow na zabibu nzima. Hizi zina ukubwa na umbo la kuziba koo la mtoto, na gizani huwezi kuona anachotafuna.

Kwa nyumba za Waislamu, tatizo kubwa ni jelatini, kigandisho kinachotolewa kwenye ngozi na mifupa ya wanyama. Ipo kwenye pipi laini za kuvutika, kwenye marshmallow, na kwenye baadhi ya pipi za kutafuna ambazo hungezidhania. Pakiti ikiandika jelatini bila kueleza asili yake, ichukulie kwamba inaweza kuwa ya nguruwe. Tafuta yenye alama ya halali au iliyotengenezwa kwa pektini, ambayo hutoka kwenye matunda.

Kwa mwenye mzio, sheria ya Marekani inazitaka pakiti zitaje vyakula tisa: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, njugu za mitini kama korosho na lozi, karanga, ngano, soya, na ufuta ulioongezwa kuanzia Januari 1, 2023. Mtego uko kwenye pipi ndogondogo za msimu. Chokoleti ileile ikitengenezwa kwa ukubwa wa Halloween inaweza kuwa na viambato tofauti au kupitia kiwanda kingine, na kipande kimoja kimoja mara nyingi hakina maandishi kwa sababu maelezo yamebaki kwenye mfuko mkubwa. Usitupe mfuko huo mpaka pipi zote ziishe. Ukiona boga lililopakwa rangi ya samawati inayoelekea kijani mlangoni mwa mtu, maana yake nyumba hiyo ina zawadi zisizo za kula. Mpango huo ulianzia Tennessee, na tangu 2014 umeenea nchi nzima.

Mabuti ya magari

Makanisa mengi na baadhi ya shule huita "trunk-or-treat", na jina hilo ndilo utakaloliona kwenye matangazo. Magari yanapangwa kwenye maegesho, mabuti yanapambwa na kufunguliwa, na watoto wanapita buti kwa buti. Kuhudhuria la wengine ni rahisi. Kuandaa lenu, la jumuiya au la jengo, kunahitaji hesabu, na hesabu ndiyo huwaangusha watu.

Chukua magari 12 na watoto 40. Kila gari likitoa pipi mbili kwa mtoto, kila gari linahitaji 80. Waambie walete 100, kwa sababu siku hiyo hutokea binamu ambao hawakuandikishwa. Mtoto ataondoka na 24. Mkiacha kila mtu atoe "kiasi", gari la kwanza linagawa kwa konzi na linaisha kabla ya mtoto wa kumi na tano, na la mwisho linarudi nyumbani na mfuko mzima.

Nafasi: gari moja, kisha nafasi moja tupu, kisha gari. Magari 12 yanakula nafasi 24. Yapangwe kwa umbo la U, yakiwa yameingia kinyumenyume ili mabuti yatazame ndani, mdomo wa U ukiwa mbali na lango la kuingilia magari. Kila gari liwe limeegeshwa nusu saa kabla, halafu lango lifungwe kwa koni au kwa gari lililowekwa mshazari. Baada ya hapo hakuna gari linalosogea mpaka mtoto wa mwisho aondoke. Anayechelewa aegeshe nje na atembee. Kumruhusu mmoja "aingie haraka" ndiko kunakorudisha hatari ileile mliyoikimbia.

Injini zizimwe. Kukiwa na baridi, mwenye gari hupenda kuwasha kipasha joto, na ekzosi iko upande uleule wa buti, pale watoto wanaposimama. Vaa koti. Taa za mapambo ziwe za betri zake zenyewe. Taa ya buti na redio vikiwaka saa mbili, betri iliyochoka haitawasha gari, kwa hiyo awepo mtu mwenye waya za kubusti.

Tatizo la mwisho ni kasi. Kupita mabuti 12 huku ukipokea tu ni kazi ya dakika tano, na ndani ya robo saa watoto 40 wamemaliza na wanazurura. Kila buti la tatu liwe na mchezo wa dakika moja: kurusha pete kwenye chupa, kuangusha makopo sita kwa mpira wa soksi, kutia mkono kwenye boksi na kubahatisha kilichomo. Wagawe watoto makundi manne ya kumi, kila kundi lianze pembe yake. Hapo shughuli inafika saa moja bila foleni.

Boksi la kubahatisha lina siri moja: baridi. Tambi zilizochemshwa, zikapakwa mafuta na kulala friji usiku kucha, ni utumbo kamili. Zikiwa za moto ni chakula cha jioni tu.

Tangazo liandikwe saa kwa namna zote mbili. "Saa 11 jioni" ya Kiswahili, kwa kijana aliyezaliwa huku na kwa jirani anayesoma tafsiri, ni saa tano ya usiku.

Taa za chupa

Kwa familia zisizotaka vinyago wala majoho, matembezi ya taa yanafaa sana. Chupa ya jemu iliyooshwa, karatasi laini za rangi zilizochanwa vipande vya sentimita tatu hadi nne, gundi nyeupe sehemu mbili kwa maji sehemu moja. Paka gundi kwenye chupa, bandika vipande vikipandiana kidogo, paka tena juu. Tabaka mbili zinatosha, ya tatu inaua mwanga. Maji yakizidi, karatasi inachanika na rangi zinachuruzika mikononi. Acha ikauke saa tatu au nne, funga waya wa sentimita 60 chini ya mdomo wa chupa mara mbili, kisha pinda mpini. Kwa walio chini ya miaka sita tumia chupa ya plastiki iliyokatwa juu, ukizungushia selotepu kwenye ukingo.

Ndani weka mshumaa wa betri, na hapa uangalie jambo. Mingi hutumia betri bapa ndogo kama kifungo. Mtoto akiimeza ikakwama kwenye umio, inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, na hilo ni la kukimbizwa hospitali mara moja. Nunua yenye kifuniko kinachofungwa kwa skrubu. Tangu 2022 Marekani ina sheria inayotaka kifuniko kisifunguke kirahisi, lakini mishumaa ya bei chee au iliyobaki kabatini mwako tangu zamani huenda haikutengenezwa hivyo.

Vijiti vya kung'aa navyo vina tabia yake. Mwanga wake ni wa kikemikali, na baridi huupunguza. Vikiwa nje kwenye nyuzi mbili za joto vitafifia, na watu hudhani vimeharibika. Vivunje ukiwa ndani, uvitie mfukoni vipate joto, ndipo mtoke. Visikatwe wala kutafunwa. Maji yake ni machungu na yanawasha macho.

Walioko Ujerumani hawana haja ya kubuni, maana Novemba 11, siku ya Mtakatifu Martin, watoto wa chekechea hutembea na taa zao na nyimbo, na taa hiyohiyo ya chupa itatumika.

Boga

Wengine huliita malenge. Yapo mawili dukani na watu huyachanganya. Lile kubwa la kuchonga lina nyuzi, maji mengi na ladha haba. Dogo la mviringo, la kilo moja na nusu hadi mbili, ndilo la kula.

La kuchonga usilitoboe juu kama picha zinavyoonyesha. Tobolea chini au nyuma. Kikonyo kikibaki kimeshika, boga halitumbukii ndani upesi. Ukishikilia kutoboa juu, shusha kisu kwa mshazari kuelekea katikati, la sivyo kifuniko kitadondoka ndani. Komba ukuta wa mbele mpaka ubaki unene wa sentimita mbili na nusu hivi. Ukiwa mnene, kisu kidogo hakipiti na mkono unateleza. Majeraha mengi ya kuchonga ni ya mkono unaoshikilia. Msumeno mdogo wa boga ni salama kuliko kisu cha jikoni. Mtoto chini ya miaka minane achore kwa kalamu ya rangi, wewe ukate.

Lichonge siku mbili au tatu kabla, si wiki mbili. Likishachongwa linaanza kuoza, na ndani ya nyumba yenye joto siku nne ni nyingi. Kulifuta kwa maji yaliyotiwa kijiko kikubwa kimoja cha dawa ya klorini kwa lita nne husaidia kuchelewesha ukungu. Boga lililokesha limechongwa haliliwi tena.

Mbegu zisitupwe. Zioshe, zichemshe dakika kumi kwenye maji ya chumvi, zikaushe juu ya kitambaa (kwenye karatasi zitaganda), zipake mafuta kidogo na zioke kwa nyuzi 160 za Selsiasi, dakika 20 hadi 25, ukizigeuza mara moja.

Na lile dogo ndilo la boga la nazi. Menya, kata vipande, jumla kama kilo moja, chemsha kwa maji nusu kikombe na chumvi kidogo, ukifunika, dakika 15 hadi 20. Likilainika mimina kopo moja la tui la mililita 400, sukari vijiko vikubwa vitatu, iliki nne zilizotwangwa. Acha wazi kwenye moto mdogo dakika kumi. Moto mkubwa utalikata tui. Likitoka chapachapa, maji yalizidi mwanzoni au umetumia boga la kuchonga. Litoe kifuniko, subiri.

Michezo miwili, basi

Kudumbukiza uso kwenye beseni la maji kunyaka tufaha kwa meno ni mchezo wa zamani wa usiku huu, lakini watoto kumi kwenye beseni moja msimu wa mafua si busara. Tundika mahamri badala yake. Toboa kila moja katikati kwa kijiti kinene, pitisha uzi, funga kwenye kamba iliyokazwa kwenye kimo cha pua za watoto, mikono iwe nyuma, wa kwanza kumaliza bila kuliangusha ameshinda. Mahamri ya siku hiyohiyo huchanika. Ya jana yameshikamana, yatakubali uzi.

Wa pili ni kumviringisha mwenzio karatasi ya chooni awe maiti ya Misri: roli mbili kwa kila kundi la watatu, dakika tatu, shingo na uso haviguswi.

Hadithi ziwe baada ya michezo, watoto wakiwa wamechoka. Walio chini ya miaka mitano wapewe sungura na fisi. Zimwi linalomfungia msichana ndani ya ngoma aimbe liwasubiri wakubwa, na hata hao wasimuliwe taa moja ikiwa inawaka.

Saa, baridi na shule

Marekani na sehemu kubwa ya Kanada, saa hurudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, hivyo Halloween daima huangukia kabla ya hapo. Minneapolis jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni, Columbus kama nusu saa baadaye. Matembezi ya taa yakianza saa kumi na moja yatakuwa kwenye mwanga wa mchana na taa hazitaonekana. Uingereza ni kinyume: saa zimeshabadilishwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na London giza linaingia kabla ya saa kumi na moja na nusu. Huko mnaweza kuanza mapema na kulala mapema.

Kila mpango wa nje uwe na wa ndani pembeni. Mwaka 1991 dhoruba iliyoanza Oktoba 31 iliangusha sentimita 72 za theluji Minneapolis na Saint Paul kabla haijaisha Novemba 3. Miaka kama hiyo ni nadra, lakini mvua ya nyuzi tatu za Selsiasi inatosha kuharibu mapambo ya karatasi. Vazi linunuliwe saizi moja juu ili jaketi liingie chini yake. Jaketi likivaliwa juu, vazi limefichwa na nusu ya furaha imekwenda.

Shuleni, muulize mwalimu katikati ya Oktoba, si tarehe 30, kama kuna gwaride la mavazi na mtoto asiyeshiriki anakwenda wapi. Shule nyingi zina nafasi ya maktaba au kazi ya mikono, na zinahitaji tu ujumbe wa mzazi wa mstari mmoja.

Wanaofanya sherehe yao Jumamosi inayofuata wana bahati yao: kuanzia asubuhi ya Novemba 1 maduka hushusha bei za pipi na mapambo, mara nyingi hadi nusu. Chokoleti za ziada zigandishe kwenye friza ndani ya mfuko wake mkubwa wenye maelezo, zitatumika Desemba. Na usiku wenyewe, hata kama taa ya kibarazani umeizima, weka pakiti moja isiyo na karanga karibu na mlango. Atakuja mmoja, mdogo, aliyeachana na kundi lake, ambaye bado hajui habari za taa.